Kushona na Kumalizia Sanamu Ndogo za Kitambaa: Mwongozo Kamili

Mtu akikabidhiwa sanamu ndogo ya kitambaa, jambo la kwanza analolifanya ni kuipindua ili aone chini yake. Anatafuta mahali ilipofungwa, anapitisha kidole juu ya mshono, anaiminya kidogo, kisha ndipo anaigeuza na kuitazama usoni. Kazi iliyotarizwa kwa ustadi mkubwa inaweza kuharibiwa na sentimita 4 za mshono uliofungwa kwa haraka, au na ncha ya uzi inayochungulia tumboni. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unauchukulia umaliziaji kuwa jambo linaloamuliwa tangu wakati wa kuchora patani, yaani kielelezo cha karatasi cha kukatia kitambaa, kwa kuwa makosa mengi yanayoonekana mwishoni yalifanywa kabla mkasi haujagusa kitambaa.

Ili maelezo yasielee hewani, nitafuata kazi moja kuanzia mwanzo hadi mwisho: ndege wa kitambaa mwenye urefu wa sentimita 14 kutoka mdomoni hadi mkiani, anayesimama kwa miguu ya waya juu ya kitako cha mbao. Nimemchagua ndege kwa sababu anakusanya karibu kila tatizo la kazi hizi: mwili wa mviringo, ncha kali, sehemu nyembamba kama mabawa, na uzito unaopaswa kusimama juu ya nguzo mbili tu. Anayemmudu ndege huyu ataweza kushona samaki, tunda, chombo au umbo lolote la kubuni.

Kitambaa, uzi na vijazio

Kitambaa kinachofaa zaidi kwa umbo dogo ni kile kilichofumwa kwa nyuzi nyembamba zilizosongamana, kisichovutika sana, na kinachokubali kukunjwa kwa pasi. Pamba nyepesi na kitani laini ndivyo ninavyompendekezea anayeanza. Sababu yake ni ya hesabu. Nafasi ya mshono katika kazi hizi ni milimita 5 tu. Kitambaa chenye nyuzi 10 kwa kila sentimita kinabakiza nyuzi 5 pekee kati ya mshono na ukingo, na ukianza kukisukuma kwa kijazio nyuzi hizo hufumuka zote. Kitambaa chenye nyuzi 30 kwa sentimita kinabakiza nyuzi 15 mahali palepale, nao mshono unashika. Ndiyo maana kitambaa kizito cha makochi, ambacho huonekana imara dukani, mara nyingi huwa dhaifu kikikatwa vipande vidogo.

Felti ina tabia yake. Kwa kuwa haikufumwa bali nyuzinyuzi zake zimeshikamana zenyewe, haifumuki ukingoni na haihitaji kupindwa, jambo linaloifanya ifae sana kwa mabawa, majani na masikio. Hata hivyo felti nyembamba huvutika na kupasuka ikijazwa kwa nguvu, kwa hiyo kwa mwili wenyewe chagua felti nene ya sufu, au tumia kitambaa kilichofumwa.

Fua na upige pasi kitambaa chote kabla ya kukipima. Kisha lowanisha kitambaa cheupe, kisugue juu ya kile cha rangi, na uone kama kinachukua rangi. Kinachochuja rangi leo kitachuja hata baada ya kushonwa, hasa utakapokipitishia mvuke, na rangi hiyo itaingia katika kipande cha jirani ambacho huwezi tena kukitoa.

Kitambaa kikiwa chepesi mno hadi uvimbe wa kijazio unaonekana kwa nje, kikazie kwa gamu nyembamba ya kubandika kwa pasi, yaani kitambaa cha kukazia chenye gundi. Gamu hubandikwa kwa kukandamiza, si kwa kuburuta: weka pasi mahali pamoja kwa sekunde 10 hadi 15, inyanyue, uiweke mahali pengine, kisha ukiache kitambaa kipoe kikiwa kimelala. Ukikiinua kikiwa na moto, gundi haijashika bado na viputo vitatokea baadaye.

Uzi wa kuunganishia mwili uwe wa poliesta, kwa sababu unastahimili mvuto. Uzi wa pamba au wa hariri uhifadhiwe kwa ajili ya kutarizi, ambako mng'ao na ulaini vina maana zaidi kuliko nguvu. Andaa sindano nyembamba za kawaida, sindano moja ndefu inayoweza kupenya mwili mzima kutoka upande hadi upande, subana ya kukinga kidole, pini nyembamba, mkasi wa kitambaa, na mkasi mdogo wenye ncha kali kwa ajili ya kuchanja mikunjo. Kijiti kimoja chenye ncha butu kitakusaidia kujazia.

Kuhusu kijazio, viko vitatu vinavyotumika sana, na majina ya viwili kati yake hukanganya. Sufi ni ile pamba nyepesi ya mti wa msufi. Hailowi maji kwa urahisi, lakini nyuzi zake ni fupi na hupenya kwenye mishono iliyo wazi. Sufu ni manyoya ya kondoo. Hushikana yenyewe na kubaki mahali ulipoiweka, hivyo hutoa umbo imara kuliko vyote, ila nondo huipenda. Nyuzi za poliesta huliwa na wadudu mara chache sana na hupatikana kwa urahisi, ingawa zina mtutumko unaozifanya zisukume mishono kwa nje. Kwa ndege wetu ninatumia sufu mdomoni na kichwani, na poliesta tumboni.

Patani na umbo la majaribio

Mwili wa ndege unahitaji vipande vitatu: ubavu wa kulia, ubavu wa kushoto, na kipande cha tumbo. Bila kipande cha tumbo utapata umbo bapa kama mto mdogo; kipande hicho ndicho kinachompa ndege upana na mahali pa kuchomekea miguu. Chora ubavu kwanza kwenye karatasi ngumu, urefu wa sentimita 14 na kimo cha sentimita 7, kisha weka alama A chini ya mdomo, mahali shingo inapoanza, na alama B karibu na mkia. Kati ya alama hizo mbili ndipo kipande cha tumbo kitakaposhonwa.

Sasa chukua uzi, uulaze juu ya mstari wa tumbo kutoka A hadi B ukifuata kona zote, kisha uunyoshe kwenye rula. Tuseme umepata sentimita 11. Basi kila ukingo wa kipande cha tumbo, ukipimwa kwa kufuata mpindo wake, ni lazima uwe sentimita 11 vilevile. Kipande hicho kina umbo la mtumbwi unaoangaliwa kutoka juu: ncha mbili kali na katikati pana. Ukiamua upana wa katikati uwe sentimita 3.5, urefu ulionyooka kutoka ncha hadi ncha utakuwa kama sentimita 10.3, kwa sababu mpindo hula sehemu ya urefu. Wengi hukata kipande chenye urefu ulionyooka wa sentimita 11, kisha wanashangaa kwa nini kitambaa kinabaki mwishoni na kujikunja. Hatua hii ya uzi na rula inachukua dakika 2, na sijaona nyingine inayookoa kazi nyingi zaidi.

Kanuni hiyohiyo hutawala maumbo ya duara. Tufe lenye kipenyo cha sentimita 8 lina mzunguko wa takriban sentimita 25.1, ukilitengeneza kwa vipande 6, kila kipande kitakuwa na upana wa sentimita 4.2 katikati na urefu wa sentimita 12.6, yaani nusu ya mzunguko. Vipande vikiwa 4 tufe litakuwa na pembe. Vikiwa 8 litakuwa laini zaidi lakini ncha 8 zitarundikana mahali pamoja na kuwa nene. Kwa ukubwa huu, 6 ndiyo idadi yenye uwiano.

Mistari ikishakamilika, ongeza nafasi ya mshono ya milimita 5 kuzunguka kila kipande, kisha kata seti moja kutoka kwenye shuka kuukuu na uishone upesi bila mapambo. Huyu ndiye ndege wa majaribio, na nakusihi usimruke. Atakuonyesha kwanza kama kichwa ni kidogo mno, maana kujaza kunanenepesha na kufupisha: umbo la karatasi lenye kimo cha sentimita 7 halibaki sentimita 7 likishajaa. Pili, atakupa mahali pa miguu. Mjaze, chomeka sindano yenye uzi mgongoni, umning'inize. Akiinamisha kichwa, isogeze sindano mbele; akiinamisha mkia, irudishe nyuma. Atakapotulia katika mkao unaoutaka, teremka wima kutoka kwenye sindano hadi tumboni na uweke alama kwa kalamu. Hapo ndipo uzito wake ulipo, na miguu ikiwekwa hapo hataanguka. Fumua ndege huyo, unyoshe kipande chake cha tumbo, na uihamishie alama hiyo kwenye patani.

Kutarizi kabla ya kukata

Mapambo ambayo hayavuki mshono yatarizwe kitambaa kikiwa bado kipana na kimelala. Piga bandi, yaani mishono mirefu ya muda, kwa uzi wa rangi tofauti kufuata mstari wa patani, weka kitambaa kwenye fremu ya kutarizia, utarizi ndani ya mstari huo, na usikate mpaka umalize. Kutarizi hukivuta kitambaa ndani, hasa nakshi zilizosongamana, na kipande kilichokatwa mapema kitakuwa kimepungua milimita kadhaa upande mmoja tu. Ukishamaliza, kilaze kifudifudi juu ya taulo, kipige pasi kwa nyuma ili nakshi zisibonyezwe, kisha weka patani upya juu yake na uhakikishe mistari bado inalingana kabla ya kukata.

Usifunge mafundo makubwa nyuma. Yataonekana kama vipele kitambaa kitakapovutwa na kijazio.

Kukata na kuunganisha

Laza patani ya ubavu ili urefu wa ndege ufuate mtande, yaani nyuzi zinazokwenda sambamba na ukingo wa kiwandani wa kitambaa. Kipande kilichokatwa kwa ulalo, yaani mshazari wa nyuzi, huvutika, na ubavu mmoja ukiwa wa ulalo na mwingine wa mtande ndege atajipinda upande hata kama umeshona kwa usahihi. Kumbuka pia kuipindua patani kwa ubavu wa pili. Vipande viwili vinavyoelekea upande mmoja haviwezi kuunganishwa uso kwa uso.

Unganisha kwa mpangilio huu. Shona kwanza ubavu mmoja na kipande cha tumbo kutoka A hadi B, nyuso za kitambaa zikitazamana. Kisha shona ubavu wa pili upande mwingine wa kipande cha tumbo, ukiacha mwanya wa sentimita 4 wa kujazia karibu na mkia, mahali ambapo mstari umenyooka zaidi. Mwisho shona mgongo, kuanzia B, kuzunguka mkia, kupita juu ya kichwa na mdomo hadi A. Mwanya haufai kuwa mgongoni, ambako macho hufika kwanza, wala kwenye mpindo mkali, ambako hautafungika bila kuacha kona.

Iwe ni kwa mkono au kwa cherehani, mishono iwe mifupi: milimita 1.5 hadi 2. Kwa mkono, tumia mshono wa kurudi nyuma, ambao kila hatua inarudia nusu ya ile iliyotangulia, kwa kuwa mshono wa bandi pekee hufunguka ukijazwa. Piga bandi vipande vyote kabla ya kushona, hasa kwenye ncha A na B ambako tabaka tatu hukutana. Pini peke yake huteleza hapo, na tundu dogo hubaki likitoa kijazio.

Ncha ya mdomo inahitaji uangalifu wa pekee. Usifike kwenye ncha kisha ukageuka ghafla. Fika, piga mshono mmoja mfupi wa kukatiza ncha, ndipo ugeuke. Ncha itakuwa na nafasi ya kupokea kitambaa cha ndani, na kwa ajabu yake itaonekana kali zaidi ikishapinduliwa. Kisha punguza kitambaa cha ziada hapo hadi milimita 2. Kwenye mipindo inayoingia ndani, kama ya shingo, chanja nafasi ya mshono kwa mkasi mdogo kila baada ya milimita 5, ukiishia milimita 1 au 2 kabla ya uzi. Kwenye mipindo inayotoka nje, kama ya kifua, kata vipembe vidogo vya pembetatu ili kitambaa kisirundikane. Kwenye mwanya usichanje wala kupunguza chochote; utahitaji kitambaa hicho chote wakati wa kuufunga. Kabla ya kupindua, kunja kingo za mwanya ndani kwa milimita 5 na uzipitishie ukucha au pasi, ili mkunjo ubaki wazi utakapofika wakati wake.

Waya na kijazio

Katika jumba la makumbusho la Hermitage, mjini Saint Petersburg, kuna batamaji wa felti waliotoka katika kaburi la tano la Pazyryk, kwenye milima ya Altai, lililochimbuliwa mwaka 1949. Wana zaidi ya miaka 2,200. Miili yao imejazwa manyoya ya kulungu, na miguuni mwao mmetiwa vijiti vya mbao ili wasimame. Aliyewashona alikabiliwa na swali lilelile linalotukabili sisi: kitu laini kisimameje bila kupoteza ulaini wake? Jibu lake lilikuwa kutenganisha kazi mbili: kijazio kibebe umbo, na kitu kigumu kibebe uzito.

Waya wa miguu uwe wa shaba au wa alumini, unene wa milimita 1.5. Usitumie waya wa chuma wa kawaida. Ndege wangu mmoja mweupe, niliyemshonea waya wa chuma na kumpitishia mvuke mara kwa mara, alitokwa na doa la kahawia kifuani miezi kadhaa baadaye. Kutu ilikuwa imepanda kupitia kijazio hadi kwenye kitambaa, na hapakuwa na namna ya kuitoa bila kumfumua mwili mzima.

Kata sentimita 30 za waya, na katikati yake ukunje pete yenye kipenyo cha sentimita 2.5, ncha mbili zikibaki zimetoka upande mmoja kama miguu. Pete hiyo hukaa ndani ya mwili na kuuzuia waya usizunguke wala kuchomoka. Mpindue ndege uso wake uwe nje, ingiza pete kupitia mwanyani, toboa kipande cha tumbo kwa sindano nene pande mbili za alama uliyopata, matundu yakiwa sentimita 2 kutoka moja hadi jingine, na usukume ncha za waya zitoke nje. Usikate kitambaa kwa mkasi hapo. Sindano hutenganisha nyuzi bila kuzikata, nazo hurudi kuubana waya. Kisha shikiza pete kwenye kipande cha tumbo kwa ndani kwa mishono 4 au 5.

Kujaza ndiko kunakotofautisha kazi ya mkono mvumilivu na kazi ya haraka. Chambua kijazio kwa vidole kama mtu anayechambua pamba, mpaka kila kipande kiwe chepesi na kisicho na fundo, na uingize kidogo kidogo, kiasi cha ncha ya kidole gumba. Anza na sehemu za mbali: mdomo, kichwa, kisha mkia. Kila kipande kipya kisukumwe kiingie ndani ya kilichotangulia, kisikae kando yake, maana mpaka kati ya vipande viwili ndio unaoonekana nje kama bonde. Shingo hudai zaidi ya unavyodhani. Ikijazwa kidogo, baada ya wiki chache kichwa huinama. Baada ya hapo zungushia kijazio pande zote za pete ya waya, ili isije ikagusa kitambaa, ndipo umalizie na kifua na tumbo.

Bonyeza kifua kwa kidole gumba. Kikirudi mara moja bila kuacha alama, kimetosha. Kikibaki na shimo, ongeza. Mshono ukianza kufunuka na kuonyesha uzi, umezidisha. Kisha mwache usiku mzima kabla ya kumfunga: asubuhi utakuta kijazio kimetulia na pana nafasi tena, hasa karibu na mwanya.

Kuufunga mwanya

Tumia uzi mmoja, usioukunja mara mbili, wa rangi ya kitambaa. Ukikosa rangi ileile, chagua uliokoza kidogo kuliko uliofifia, kwa kuwa uzi mweupe-mweupe huonekana zaidi. Anzia ndani, ili fundo likae chini ya mkunjo. Piga sindano ndani ya mkunjo wa ukingo mmoja kwa milimita 3, vuka moja kwa moja hadi ukingo wa pili, piga milimita 3 ndani ya mkunjo wake, uvuke tena. Uzi utaonekana kama vidato vya ngazi kati ya kingo mbili. Baada ya vidato 4 vuta polepole kufuata mstari wa mshono, wala usivute kuelekea juu, na kingo zitakutana huku uzi ukizama. Kabla ya kuifunga sentimita ya mwisho, ingiza kijazio kidogo zaidi kwa kijiti.

Ukifika mwisho funga fundo dogo lililoshika kitambaa, kisha chomeka sindano palepale kwenye fundo, iitokeze sentimita 3 mbali, vuta mpaka fundo lizame ndani, na ukate uzi ukiwa umevutwa. Ncha itarudi ndani ya mwili. Fanya hivyohivyo kwa kila uzi utakaomalizika juu ya ndege huyu, kuanzia macho hadi mabawa.

Mabawa na kingo zinazoonekana

Kwa mwili uliojazwa, kingo zote zimefichwa ndani. Bawa ni kinyume chake: ukingo ndio unaoonekana, na mtazamaji huusoma kabla ya kuona kitu kingine. Katika jumba la makumbusho la Brooklyn, Marekani, kuna kitambaa cha kale kutoka pwani ya kusini ya Peru ambacho sifa yake kubwa ni ukingo wake: vijisanamu 90 vya watu, wanyama na mimea vilivyofumwa kwa vitanzi vya sindano, vimesimama kuzunguka kitambaa. Ukingo unaweza kubeba kazi yote.

Kwa bawa la ndege wetu ninapendelea tabaka mbili za pamba zenye gamu katikati, na kingo zilizoshonwa kwa mshono wa blanketi, yaani mshono wa vitanzi vinavyoukumbatia ukingo. Kata tabaka hizo kwa ukubwa kamili bila nafasi ya mshono, laza waya mwembamba wa milimita 0.4 ukingoni, na kila kitanzi cha mshono kiuzungushe waya pamoja na kitambaa. Vitanzi vikaribiane, milimita 1 hadi 2, na vyote viwe na kina kimoja. Chora mstari hafifu wa milimita 3 kutoka ukingoni ili sindano iwe na pa kufuata. Ukimaliza, bawa litapindika na kubaki jinsi ulivyolipinda. Ncha za waya zikunjwe kuwa vitanzi vidogo kabla ya kufunikwa, la sivyo siku moja zitatoboa kitambaa au kidole.

Ukitaka ukingo safi usio na nyuzi nyingi, uvike ukanda wa ulalo. Ukanda hukatwa kwa pembe ya nyuzi 45 kutoka kwenye mtande, kwa kuwa ni huo tu unaokubali kuzunguka mpindo bila kukunjamana, na upana wake uwe mara 4 ya upana unaotaka uonekane: ukanda wa milimita 20 kwa ukingo wa milimita 5. Na ukitaka nyuzi zilizochambuliwa ziachwe wazi kama manyoya, zichambue kwa makusudi hadi mahali ulipokwisha kupiga mstari wa mshono wa kuzizuia. Ukingo unaofumuka bila mpaka hauonekani kama uamuzi. Unaonekana kama kazi iliyoachwa.

Bawa lishonwe mwilini kwa sehemu ya mbele peke yake, kama theluthi moja ya urefu wake, kwa mishono iliyojificha chini. Likishonwa lote linageuka kuwa kiraka.

Macho na kitako

Choma pini mbili zenye vichwa vyeusi kichwani na umtazame ndege kutoka mbele na kutoka juu, usimtazame kwa ubavu peke yake. Zisogeze mpaka zilingane. Kisha chukua sindano ndefu na uzi imara, ingia upande mmoja, pokea ushanga, rudi kichwani hadi upande wa pili, pokea ushanga wa pili, urudi tena, na uvute kidogo ili shanga zizame na kichwa kipate mashimo ya macho. Mvuto huo mdogo ndio unaompa ndege sura. Bila huo shanga hukaa juu ya kitambaa kama vifungo. Kazi ikiwa inakwenda kwa mtoto mdogo, acha shanga na waya kabisa: tariza macho kwa uzi, na ndege akae badala ya kusimama.

Miguu izungushiwe uzi wa kutarizia kuanzia mwilini kwenda chini, juu ya tabaka nyembamba ya gundi nyeupe, mizunguko ikigusana bila kupandana. Acha wazi sentimita 3 za mwisho. Kitako kiwe kibao cha duara cha sentimita 6 chenye unene wa milimita 15. Kitoboe matundu mawili ya milimita 1.5 kabla ya kukivika kitambaa, na upande wa chini uchonge mifereji miwili midogo ya kulaza ncha za waya. Duara la kitambaa cha kukivika liwe na kipenyo cha sentimita 12: sita za kibao, tatu za unene wa pande mbili, na tatu za kukunja chini. Pitisha bandi kuzunguka duara karibu na ukingo, weka kibao katikati, vuta uzi mpaka kitambaa kijikusanye chini, kisha ukaze kwa mishono inayokatiza kutoka upande hadi upande.

Choma matundu upya kwa sindano kupitia kitambaa, ingiza waya, msimamishe ndege, umtazame kutoka kila upande, ndipo ukunje ncha ndani ya mifereji na kukata zilizozidi. Chini yake shona duara la felti la sentimita 5.6, ambalo hufunika mikunjo, waya na mafundo yote kwa pamoja. Kabla ya kulishona, tariza juu yake alama yako na mwaka. Ni rahisi mno kuifanya felti ikiwa mkononi, na karibu haiwezekani ikishashonwa.

Ukaguzi wa mwisho na hifadhi

Mweke ndege mezani chumba kikiwa na giza kiasi, na taa ikimmulika kwa ubavu. Mwanga wa pembeni hufichua kila bonde, kila uzi wa bandi uliosahauliwa, na kila alama ya chaki. Mabonde madogo hurekebishwa bila kufumua: chomeka sindano nyembamba kupitia kitambaa, shika kijazio kwa ncha yake, ukivute taratibu kuelekea palipobonyea. Mikunjo iondolewe kwa mvuke kutoka umbali wa sentimita 15, bila pasi kugusa, na baada ya hapo ndege aachwe mahali penye hewa kwa saa 24, kwa maana unyevu uliofungiwa ndani huzaa ukungu.

Asiwekwe kwenye jua. Majumba ya makumbusho huangazia vitambaa kwa mwanga wa takriban laksi 50 tu (laksi ni kipimo cha mwanga), kiwango hafifu kuliko taa ya kawaida ya kusomea, kwa sababu rangi iliyofifia hairudi. Vumbi liondolewe kila baada ya miezi michache kwa brashi laini ya rangi za maji, kutoka juu kwenda chini. Kama ulitumia sufu na ukaona vumbi la punjepunje au matundu madogo, mfunge ndege ndani ya mfuko wa plastiki, toa hewa, umweke kwenye friza ya nyuzi joto 18 chini ya sifuri kwa wiki 2, kisha umwache ndani ya mfuko uleule mpaka arudie joto la chumba ndipo umfungue, ili unyevu utue nje ya plastiki badala ya juu ya kitambaa.

Akihifadhiwa au kusafirishwa, atiwe kwenye boksi gumu, amezungushiwa karatasi nyepesi isiyo na asidi iliyokunjwakunjwa, nyingine ikiwa chini ya kila bawa ili lisibebe uzito wake lenyewe. Mfuko wa plastiki uliofungwa haufai kwa hifadhi ya muda mrefu. Ndani ya boksi weka kikaratasi kinachotaja kitambaa, kijazio na aina ya waya uliotumika, pamoja na kipande kidogo cha kitambaa na mita moja ya uzi uleule. Atakayelazimika kurekebisha bawa miaka ijayo atavihitaji.